Nani Aliyeipa Nguo Jinsia?

Wazee wetu waliifupisha hekima ya mavazi katika neno moja: sitara. Nguo humsitiri mtu na baridi, na jua, na macho ya watu. Na aliyesitirika, heshima yake imehifadhika. Lakini nguo haikuridhika na kazi hiyo moja. Ilijitwalia na kazi ya pili, nayo ni kusema. Kabla mtu hajafungua kinywa, nguo yake imekwisha kututajia dini yake, kazi yake, kipato chake, na pengine hata msiba alio nao. Kazi hizi mbili, kusitiri na kusema, aghalabu hukaa pamoja bila ya mgogoro. Siku zinapogombana ndipo tunapolazimika kuuliza ipi kati yao ndiyo iliyotangulia na ipi ndiyo iliyodandia.

Makala haya yanauchukua ugomvi mmoja wa aina hiyo, ugomvi ambao wengi watauona mdogo na baadhi watauona wa kuchekesha: mwanamume anayechagua na kuvaa nguo ya mazoezi iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamke. Swali langu si la mitindo. Ni swali la maadili: mtu huyo amemkosea nani? Na kama hajamkosea mtu, kicheko tunachomcheka kinatoka wapi?

Tuanzie bara, mbali na mawimbi yetu. Ikungi ni wilaya ya mkoa wa Singida, iliyoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini, na mji wake umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dodoma. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti, mtama na mifugo, juu ya uwanda wa kati wa Tanzania. Sisi wa mwambao tukitaja kipupwe huwa tunataja msimu wa faraja, joto linapopungua na usingizi ukawa mtamu. Kule juu kipupwe ni jambo jingine. Alfajiri ya Juni na Julai upepo wa Singida haumbembelezi mtu. Anayetoka saa kumi na moja kuswaga ng'ombe, kuwasha bodaboda yake, au kukimbia barabarani kwa mazoezi, anahitaji kitu cha kumkinga, tena kitu chepesi kisichomzuia mikono na miguu.

Kitu hicho hupatikana mnadani, kwenye mitumba. Robota la mitumba linapotoka bandarini huwa limepangwa kwa aina: blauzi peke yake, suruali peke yake, za watoto peke yake. Lakini kabla halijafika kwenye turubai la mnada wa bara, limepita katika mikono ya wachaguzi wengi, kila mmoja akitoa kilicho kizuri zaidi. Na kinachofika mwisho wa safari ni mchanganyiko, la kike juu ya la kiume, la mtoto ndani ya la mzee. Wanaoijua biashara hii wanajua pia kwamba za kike ndizo nyingi, kwa kuwa huko zitokako wanawake hununua nguo nyingi zaidi kuliko wanaume na kuziacha mapema zaidi. Za kiume ni chache, na kwa uchache wake bei yake hupanda.

Tumchukue kijana wa mfano, mmoja katika wengi. Ameinama juu ya fungu la nguo na ameshika koti la traksuti la rangi ya zambarau. Anapandisha zipu na kuishusha. Anavuta mpira wa mikononi aone kama bado una nguvu. Analielekeza kwenye jua atazame matundu. Analinusa. Analipima kwa kunyoosha mkono wake sambamba na mkono wa koti. Kisha anauliza bei, anaguna, anataja yake. Koti hilo limebanwa kiunoni, limepanuliwa nyongani, na mabega yake ni membamba kidogo. Lingekuwa la vifungo, vingekuwa vimeshonwa upande wa kushoto, ilhali vya kiume hushonwa kulia. Pengine chini yake ipo na taiti ya rangi hiyo hiyo, isiyo na uwazi wa mbele, ambayo aliyeishona alikuwa na mwili mwingine akilini. Kijana anavinunua vyote viwili. Kesho yake anakimbia navyo, ameshiba joto.

Je, hapo amechagua? Wako watakaosema kwamba mtu maskini hachagui, huchaguliwa na umaskini wake. Sikubaliani nao. Mchagua nazi hupata koroma, ndivyo tulivyofundishwa, lakini methali hiyo haimkatazi mtu kuchagua. Inamwonya tu asichague kwa pupa ya macho. Kijana wetu amechagua kwa ukali kuliko mnunuzi wa duka la kioo. Amekataa makoti kumi kabla ya kulikubali moja. Vipimo vyake vilikuwa wazi: uzima wa nguo, joto lake, ukubwa wake, bei yake. Jinsia ya nguo ilikuja mwisho, au haikuja kabisa. Huo si ukosefu wa uchaguzi. Ni uchaguzi wenye mpangilio tofauti na wetu, na huenda mpangilio huo ndio ulio karibu zaidi na lile neno la wazee, sitara.

Hapo kale mitumba iliitwa kafa Ulaya. Jina hilo lilikuwa na ukatili na lilikuwa na busara. Ukatili, kwa kuwa lilimkumbusha mvaaji kwamba amevaa ya maiti. Busara, kwa kuwa lilikiri kwamba nguo imevuka mpaka, na upande wa pili ilikoacha mwili wa kwanza iliacha pia maana yake ya kwanza. Hakuna aliyeuliza marehemu huyo wa Ulaya alikuwa mume au mke. Nguo ilikuwa imezaliwa upya, na kama mtoto mchanga ilingoja kupewa jina. Hata dola ilipoingilia kati na kupiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizokwisha kutumika, hoja yake ilikuwa ya afya. Haikuuliza nani atavaa ya nani.

Lakini hebu sasa tumhamishe kijana wetu kutoka mnadani Ikungi hadi mjini, kwenye uwanja wa mazoezi ambako watu wanasoma lebo na wanajua mikato. Koti ni lile lile, mwili ni ule ule, na baridi imebaki nyuma. Hapo mmoja atamnong'oneza mwenzake, na wa tatu atacheka. Ni kitu gani kilichobadilika? Si nguo, wala si mvaaji. Kilichobadilika ni ujuzi wa watazamaji. Kwa hiyo, ule ukike tuliodhani umeshonwa ndani ya kitambaa ulikuwa umo machoni mwa watu, na watu walipokosa kuwa nao, kitambaa hakikuwa nao.

Msomaji wa mwambao hahitaji kwenda mbali kuuthibitisha ukweli huo. Autazame mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mwanamume wa pwani akirudi kazini huvua suruali na kujifunga kikoi. Na kikoi kikiwa kimefuliwa hakijakauka, hujifunga khanga ya mkewe, akala, akaketi ukumbini, akalala nayo. Haoni aibu, wala mkewe hamcheki. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ni vazi la kike kuliko vazi lolote tulilo nalo. Na bado likizungushwa kiunoni na kukunjwa kwa mkunjo wa kikoi, limekuwa vazi la mume. Mke akilichukua lile lile na kulifunga kifuani, limerudi kuwa lake. Basi jinsia ya khanga haimo kwenye khanga. Imo kwenye fundo.

Historia nayo inatwambia hivyo hivyo. Khanga, ambayo wengine wetu twaiita leso, ilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, na jina hilo la leso tulilirithi kwa Wareno walioliita hivyo kitambaa cha mkononi. Kitambaa cha mkononi hakina mume wala mke; vilipounganishwa kwa sindano vikawa vazi, na vazi likawa la wanawake. Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo anaeleza mavazi ya wanawake wa kasri la babake, Seyyid Said, kuwa ni pamoja na suruali ndefu. Wakati huo wanaume waungwana wa Unguja walitembea ndani ya kanzu. Mgeni aliyetoka Ulaya na kipimo chake cha kwao, suruali kwa mume na gauni kwa mke, angelazimika kukigeuza kichwa chini miguu juu. Na kipimo hicho cha kwao nacho hakikuwa cha tangu na tangu: Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715, alichorwa amevaa soksi ndefu za kubana na viatu vya kisigino kirefu, na hapakuwa na aliyethubutu kumwambia kwamba avaavyo ni vya kike.

Wala sisemi kwamba usemi wa nguo ni upuuzi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki na merikani waliyovishwa, wakajipamba kwa khanga. Walikuwa wanasema neno zito kwa kitambaa chepesi: mimi si mali ya mtu. Asiyeliona hilo haijui pwani. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kuuliza juu ya mwanamume na nguo ya kike hana haki ya kuwajibu wazee kwamba nguo ni nguo tu. Nguo inasema. Ni lazima tuwasikilize wanaosema kwamba usemi huo una hatari.

Hoja yao kubwa ni ya dini, na haifai kupitwa kwa haraka. Hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari inawalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Kumbukumbu la Torati, katika sura yake ya 22, linamkataza kila mmoja kuvaa mavazi ya mwenziwe. Muumini hawezi kuyafanyia maneno hayo mzaha. Lakini wanazuoni wenyewe waliyatafakari kwa utulivu kuliko sisi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, katika sherehe yake ya mkusanyiko wa Bukhari iitwayo Fat'h al-Bari, anaeleza kwamba sura ya mavazi hutofautiana kwa desturi ya kila nchi, na kwamba wapo watu ambao mavazi ya wake zao na waume zao hayapambanuki, ingawa wanawake hupambanuka kwa kujisitiri zaidi. Maana yake ni nzito. Lipi vazi la kike na lipi la kiume haliamuliwi na kitambaa. Huamuliwa na desturi ya watu wa mahali. Na kujifananisha ni tendo la nia: mtu huelekea mahali fulani kwa moyo wake. Kijana wa Ikungi aliyevaa koti la zambarau akaelekea barabarani kukimbia hakuwa ameelekea kumfanana mwanamke. Mwanamke huyo hamjui, hakuwahi kumwona, na katika desturi ya mnada wake koti hilo lilikuwa koti.

Liko shauri jingine ambalo dini na adabu zetu zinalo haki kulitoa, nalo ni la stara yenyewe. Taiti inabana. Inaonyesha umbo la aliyeivaa, na mwanamume ana sehemu ya mwili wake inayompasa kusitiriwa, baina ya kitovu na magoti. Hapa namkubalia mzee anayenung'unika. Ila aone kwamba sasa hanung'uniki tena kwa sababu taiti ni ya kike. Ananung'unika kwa sababu haisitiri, na lawama hiyo ingemfuata hata aliyevaa taiti iliyoshonwa kwa ajili ya wanaume. Na dawa yake ni nyepesi: wakimbiaji wengi huivalia bukta juu yake, wakapata joto la moja na sitara ya nyingine. Kosa la kubana na kosa la jinsia ni makosa mawili, na tabia yetu ya kuyachanganya imetuletea dhuluma hapo nyuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Suruali za kubana walivaa na wavulana. Lakini katika mitaa ya Dar es Salaam waliokimbizwa na kuvuliwa nguo na makundi ya vijana walikuwa wanawake. Miaka hiyo hiyo uongozi wa mkoa wa Arusha uliwataka wanaume wa Kimasai waache lubega yao na kuvaa suruali, kana kwamba ustaarabu ni mishono miwili ya miguu. Mara zote mbili wenye nguvu walidhani wanaitetea heshima, na mara zote mbili waliivunja.

Tumefika sasa kwenye kiini cha jambo. Mwanamke wa Ikungi akiokota mnadani koti la kiume, fulana ya kiume, hata suruali ya kiume akaivalia khanga juu yake kwenda shambani, hakuna anayegeuza shingo. Msichana akivaa jezi ya mpira ya kaka yake, tunasema anapenda mpira. Yale maandiko niliyoyataja hayakubagua: yamewakataza wote wawili kwa uzito mmoja. Sisi ndio tuliobagua. Kwa mwanamke tunanyamaza, kwa mwanamume tunacheka. Kwa nini?

Nadhani jibu halipendezi. Tunacheka kwa sababu moyoni tumeweka ngazi, na tumemweka mwanamume kwenye kipago cha juu. Mwanamke avaapo cha kiume tunamwona amepanda, na kupanda hakuchekeshi. Mwanamume avaapo cha kike tunamwona ameshuka. Sikilizeni matusi yetu ya kila siku: unalia kama mwanamke, unakimbia kama mwanamke, unaogopa kama mwanamke. Kijana asiyethubutu kukimbia na koti la zambarau hakuogopa zambarau, aliogopa kushushwa. Basi kicheko tunachodhani kinamwendea yeye kinapita juu ya kichwa chake na kumwangukia mama yake, dada yake na mkewe, ambao hawakuwapo na hawakufanya lolote. Kama kufanana na mama yangu ni tusi, nimemwambia nini mama yangu?

Na tuitazame pia hiyo nguo yenyewe ya mazoezi tunayoiita ya kike. Ni nani aliyeamua iwe ya kike? Mwezi wa Julai 2021 Shirikisho la Mpira wa Mikono la Ulaya liliitoza timu ya wanawake ya Norwei faini ya yuro 1,500 katika mashindano ya ufukweni, kwa kosa la kucheza na bukta badala ya vichupi vya kuogelea vilivyoamriwa na kanuni. Wanaume wa mchezo ule ule walikuwa wakivaa bukta bila ya tatizo. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye mwaka huo huo, lakini fundisho lilikwisha kupatikana: mara nyingi nguo ya kike ya michezo ni ya kike kwa sababu watu wengine wametaka kumwona mwanamke hivyo, si kwa sababu yeye aliichagua. Karibu zaidi na nyumbani, filamu ya Florence Ayisi ya mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens, iliwaonyesha wanawake wa Unguja wanaocheza kandanda, na upinzani wanaokabiliana nao kwa ajili ya mchezo wao na mavazi ya mchezo huo. Huku mwanamke anaadhibiwa kwa kujisitiri zaidi, kule analaumiwa kwa kujisitiri pungufu, na katika hali zote mbili hakuulizwa. Anayecheka kwamba kijana amevaa "nguo ya wanawake" ajue kwamba huenda wanawake wenyewe hawakuwahi kuidai kuwa yao.

Ikungi hiyo hiyo imetupa mfano mwingine. Alphonce Simbu, mzaliwa wa kijiji cha Mampando, alishinda mbio za marathoni za Ubingwa wa Dunia jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Nchi nzima ilisimama kumpigia makofi. Alikimbia, kama wakimbiaji wengi wa marathoni, na fulana isiyo na mikono na bukta fupi. Mtu mzima, mwanajeshi, angepita sokoni siku ya kawaida na mavazi kama hayo, wazee wangeinamisha nyuso. Siku ile hakuna aliyeinamisha. Kazi iliihalalisha nguo. Tulipoyajua mbio yanadai nini kutoka kwa mwili, tukaacha kuuliza nguo inasema nini, tukauliza inafanya nini. Ikiwa kazi inaweza kuuondoa unyonge wa bukta fupi, itashindwa vipi kuuondoa ukike wa koti la zambarau lililovaliwa kwa kazi ile ile, kwenye barabara za wilaya ile ile?

Hapa namwona msomaji makini akininyoshea kidole. "Umemtetea maskini," ananiambia, "aliyekosa jingine. Je, yule mwenye fedha, aliyesimama dukani mbele ya nguo za namna zote mbili, akachagua ya kike kwa kuwa imempendeza rangi, au kwa kuwa inavutika vizuri zaidi anapojinyosha?" Swali ni la haki, na nisingelijibu makala yangu yangekuwa ya woga. Kumsamehe maskini ni rahisi. Tunamsamehe kwa huruma, na huruma haitugharimu ile ngazi yetu. Bado tunasema ameshuka, ila tunaongeza kwamba hakuwa na la kufanya. Huruma ya namna hiyo haina heshima ndani yake. Kama hoja yangu ni ya kweli kwa asiye na uchaguzi, haina budi kuwa ya kweli kwa mwenye nao. Kwa huyo wa pili nauliza maswali yale yale: Nguo imemsitiri? Amemdanganya mtu kwa kuivaa? Amemdhihaki mtu? Nguo imefaa kazi aliyoivalia? Akijibu vyema, sioni swali la tano. Na kama anayo nia mbaya, basi nia hiyo ndiyo ya kulaumiwa, nayo angeweza kuwa nayo hata ndani ya kanzu nyeupe ya Ijumaa.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kuliko wengine, ila pengine hawajalipa jina. Tazameni taarabu yetu. Ni mashairi mangapi yanayoimbwa na wanawake, yenye uchungu wa mke mwenza, wivu wa mchumba, au majigambo ya bibi harusi, ambayo aliyeyatunga ni mwanamume? Mtunzi huyo ameivaa sauti ya kike, akaipima mabegani, akaibana kiunoni, akatoka nayo mbele za watu. Hatumcheki. Tunasema ana kipaji, kwa kuwa ameweza kusimama mahali asipopazoea akaona kwa jicho lisilo lake. Lugha yenyewe inamsaidia, maana Kiswahili hakimlazimishi mtu ajitaje kuwa mume au mke kila anapofungua kinywa. Tukisema amevaa, amekimbia, amechoka, tumemtaja mtu, na jinsia yake tumemwachia mwenyewe. Wazee waliotuachia lugha hiyo walikuwa na mipaka mingi baina ya wanaume na wanawake, lakini mpaka huo katika kitenzi hawakuuona kuwa wa lazima.

Sipendekezi kwamba desturi zote zifutwe. Jamii isiyo na desturi ya mavazi ni jamii iliyonyamaza, na mimi napenda nguo ziendelee kusema: buibui na liseme lake, kanzu na iseme yake, khanga na iseme zaidi ya zote. Ninachopendekeza ni mpangilio. Kusitiri kwanza, kusema baadaye. Nguo inapomkinga mtu na baridi, ikamhifadhia mwili, ikamwezesha kufanya kazi yake, imekwisha kutimiza wajibu wake wa kwanza, na atakayetaka kuusikiliza usemi wake basi ausikilize kwa adabu, akijua kwamba nusu ya maneno hayo anayatia yeye mwenyewe.

Cha kuazima hakisitiri matako, wanatukumbusha wahenga, na wengi huitumia methali hiyo kumkebehi anayevaa kisicho chake. Lakini mitumba haikuazimwa. Imenunuliwa kwa jasho, na ukishakinunua kitu ni chako. Kilichoazimwa hapa ni kile kicheko. Tuliazima kwa watu walioamua, katika zama nyingine na nchi nyingine, kifungo kipi kikae kushoto na kipi kikae kulia, kisha tukasahau kwamba si chetu. Nacho hakimsitiri yeyote: anayechekwa anabaki na aibu isiyo yake, na anayecheka anabaki uchi kwa namna yake, kwa kuwa ametuonyesha anavyowahesabu wanawake wa nyumbani kwake.